Miaka ya Kumlea Shekinah

Mara ya kwanza Anselme alipojaribu kumsuka mjukuu wake nywele, mtoto alilia kwa maumivu na yeye akalia kwa aibu. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mtoto kambana katikati ya magoti, kitana mkononi, mafuta yamemchuruzikia hadi kwenye suruali. Shekinah alikuwa na miaka mitatu. Kazi ilipokwisha, mistari ilikuwa imepindapinda kama njia ya mbuzi. Kesho yake, kanisani, mwanamke mmoja alimvuta mtoto pembeni akamfumua nywele zote, bila kusema neno.

Ukimya ule ulimchoma Anselme kuliko kicheko. Wiki ile ile alikwenda sokoni kwa Maman Stéphanie, aliyekuwa na kiti kimoja cha kusukia nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika hapo Tottenham, akamwomba amfundishe.

"Wewe, papa mzima?" Stéphanie akacheka. "Unataka kuninyang'anya wateja?"

"Nataka mtoto wangu asifumuliwe tena mbele za watu."

Akafundishwa. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya mtu aliyefanya kazi ya ghala bandarini Kalundu, kule Uvira, tangu ujana wake, lakini vilijifunza. Baada ya miezi kadhaa wanawake wa kanisani walikuwa wakiuliza ni nani aliyemsuka yule mtoto vizuri hivyo, na wanaume wakaanza kumwita "Maman Anselme". Alicheka nao. Usiku, peke yake, jina lile halikumchekesha.

Hakuwa amepanga kuwa mlezi. Mkewe, Léocadie, alifariki Bujumbura kwa homa, walipokuwa wamekimbia vita, akamwachia binti mmoja, Miradie, mwenye miaka kumi. Anselme alifika London na binti huyo akiwa na miaka kumi na miwili. Kwa muda mrefu waliishi wakingoja makaratasi ya ukimbizi, na anayengoja makaratasi haruhusiwi kufanya kazi. Kwa hiyo baba alipika, alifua, alimpeleka binti shule na kumngoja langoni. Makaratasi yalipotoka alipata kazi ya kusafisha maofisi katikati ya jiji. Alikuwa akipanda basi la alfajiri pamoja na Waafrika wenzake waliolala wima, vichwa vimeegemea vioo, na akaipenda kazi ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Uvira aliweza kusema, "Nachelewa kazini."

Miradie alikuwa anasomea uuguzi alipopata mimba. Baba wa mtoto, kijana aliyeitwa Ghislain, alikwenda Ubelgiji kumwona mjomba wake na akanogewa na safari, hakurudi tena. Mtoto akazaliwa, akaitwa Shekinah. Alipofikisha miezi saba, chuo kikamwambia Miradie ama arudi darasani ama aache. Nasari iliyokuwa karibu ilitaka fedha ambazo baba na binti wasingezipata hata kama wangeacha kula.

"Rudi usome," Anselme alimwambia. "Mimi nitashika mtoto."

"Na kazi yako, Papa?"

"Ofisi zitapata mtu mwingine wa kuzifagia. Huyu atampata nani?"

Miradie alimwangukia kifuani akalia. Ilikuwa furaha kabisa, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kwamba kuna kitu kimeanza kuvunjika.

Miaka ikaenda. Anselme alijua basi lipi lina nafasi ya kigari cha mtoto na dereva yupi hana subira. Alijua ni bembea ipi kwenye bustani ya Bruce Castle inayobana vidole. Alikwenda kwenye vikundi vya kina mama na watoto wachanga, mwanaume peke yake, mweusi, mzee, akiimba nyimbo za Kiingereza asizojua maana yake na kupiga makofi yanapopigwa. Alimsemesha mtoto Kiswahili cha Uvira kutwa nzima. Mtoto alielewa kila kitu, na alipoanza kusema, alijibu kwa Kiingereza. Neno moja tu hakulibadilisha: koko, yaani babu. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Miradie hakuwapo lilipotamkwa. Alikuwa wodini. Alihitimu, akaajiriwa hospitali, akawa anafanya shifti za muda wa saa kumi na mbili, mara usiku mara mchana. Alipofika nyumbani mtoto amelala; alipoamka mtoto ametoka. Alijua habari za bintiye kutoka kwa baba yake, jikoni, kama mgeni anayesimuliwa mambo ya mjini. Jino limeng'oka. Hataki tena maziwa. Anamwogopa mbwa wa jirani. Miradie alisikiliza, akatabasamu, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Kuna usiku mmoja Shekinah alishikwa na homa kali. Bahati njema Miradie alikuwa nyumbani. Alimbeba, akampa dawa, akampangusa kwa kitambaa cha maji, kazi aliyoifanya vizuri kwa watoto wa watu wengine. Mtoto akawa anajinyoosha kutoka mikononi mwake akilia, "Koko! Koko!" Mwishowe Anselme akaja akamchukua, na mtoto akanyamaza. Alipogeuka, Miradie hakuwapo chumbani. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje ya nyumba na kitambaa bado mkononi.

Anselme alimwona. Alimhurumia, hilo ni kweli. Lakini ndani ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine, kitamu, ambacho hakukipa jina.

*

Shekinah alipokuwa na miaka minane, Anselme alikaribia umri wa pensheni. Kanisani pasta alitangaza kwamba kuna mama anayewasaidia wazee mambo yao ya pensheni, kila Alhamisi, maktabani. Anselme akaenda. Mama mwenyewe alikuwa Mhindi mwenye mvi, amevaa sweta nzito juu ya sari. Alipoona jina lake na mahali alipozaliwa, akaanza kusema naye Kiswahili cha Kenya.

"Mzee, karibu, keti. Mimi naitwa Kalpana. Nimezaliwa Kisumu. Nakaa Kenton, lakini Alhamisi ni ya Tottenham."

Anselme alifurahi hata akasahau kilichomleta. Kalpana akamuuliza habari za kazi, akatazama kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Uko na miaka sita tu ya kazi inayohesabika. Hapa bila miaka kumi hupati pensheni yoyote. Hata kidogo."

"Nimekaa nchi hii miaka ishirini."

"Najua. Lakini ile ya kungoja makaratasi haihesabiwi. Na baada ya ile sita? Si uliacha kazi? Ulikuwa unafanya nini?"

"Hakuna kitu," Anselme akasema. "Nilikuwa nyumbani na mjukuu."

Kalpana akaweka kalamu chini.

"Mzee, usiseme hakuna kitu. Mama yangu alilea watoto wangu watatu ndiyo mimi niende kazi. Alipokufa, kwenye cheti wakaandika kwamba hakuwa na kazi. Nilikisoma hapo mbele ya karani, mara mbili." Akavuta kiti karibu. "Sasa sikiliza. Serikali ya hapa iko na mpango ambao watu wengi hawaujui. Mama wa mtoto anayepokea posho ya mtoto huandikiwa mwaka wa pensheni kila mwaka, hata kama hafanyi kazi. Lakini binti yako anafanya kazi, anajilipia mwaka wake mwenyewe. Ule mwingine hauhitaji. Anaweza kukupatia wewe, kwa sababu ni wewe ulikuwa unakaa na mtoto. Miaka yote ya nyuma pia."

"Yote?"

"Tangu aanze kukuachia mtoto. Utapita kumi bila shida. Haitakuwa pesa nyingi, nisikudanganye. Na ukikosa, kuna msaada wa wazee maskini, hutalala njaa."

Anselme akatikisa kichwa. "Msaada nimekula, mama. Wakati wa kungoja makaratasi nilikula msaada mpaka ukanikaba koo. Nataka kitu kinachosema nilifanya kazi."

"Basi ni hiki," Kalpana akasema, akampa fomu. "Binti yako aweke saini tu."

Anselme alitoka pale akitembea kama kijana. Hakupanda basi. Alitembea hadi nyumbani, na njiani akamwambia kila aliyemjua, hata Stéphanie pale sokoni, kwamba serikali inataka kumlipa Maman Anselme.

*

Jumapili ile Miradie hakuwa na shifti. Walikula bugali na ndakala, dagaa wa kwao Uvira, Shekinah akaenda chumbani kutazama katuni zake. Anselme akaleta ile fomu, akaifuta meza kwanza kwa kiganja.

"Nini hii, Papa?"

Akamweleza. Alieleza kwa furaha, maneno yakikanyagana. Miradie akasoma. Alisoma taratibu, kama muuguzi anayesoma faili la mgonjwa kabla ya kumgusa.

"Mimi kitanipungukia nini?"

"Hakuna. Miaka yako iko salama. Hii ilikuwa inapotea bure tu."

"Kwa hiyo naandika kwamba tangu akiwa na miezi saba aliyemlea ni wewe."

"Unaandika kwamba ulikuwa kazini na mimi nilikuwa naye."

"Mwaka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu." Alikuwa akifuata mistari kwa kidole. "Yote."

"Yote, ndiyo. Si ni kweli?"

Miradie akaisukuma fomu katikati ya meza. "Sisaini leo."

Anselme alidhani hajasikia vizuri. "Juu ya nini? Mimi nimekuomba nini miaka yote hii?"

"Hukuniomba kitu, Papa. Ndiyo shida yenyewe. Hukuniomba hata ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Siku yake ya kwanza ya shule, unakumbuka? Nilibadilishana shifti na mwenzangu ili nimpeleke mimi. Nilitoka wodini nikikimbia. Nilipofika hapa, mlikuwa mmekwisha kwenda."

"Tungechelewa."

"Mngechelewa kidogo tu! Mwalimu angengoja. Hujui nilivyokaa hapa, na sare za kazi mwilini, nikitazama sahani aliyolia chakula cha asubuhi." "Alipofikisha miaka sita ulikata nywele zake bila kuniuliza. Mkutano wa wazazi unakwenda wewe, unanisimulia. Mimi si mgonjwa, Papa. Sikufa. Nilikuwa kazini."

"Na nani alikuambia uende kazini? Si mimi niliyekubeba? Mimi niliacha kazi yangu ili wewe uwe mtu!"

"Najua. Kila siku najua. Nikila najua, nikilala najua. Sasa unataka niandike pia."

Hapo Anselme alipaswa kunyamaza. Alikuwa mtu mpole, na wote waliomjua wangeapa kwamba si mtu wa kusema alichosema. Lakini alikuwa amekuja na furaha yake mikononi kama sahani, nayo imepigwa ikaanguka, na wanaume wa kanisani walikuwa wamemcheka miaka mingi, na hakuwa na kitu kingine duniani cha kuonyesha.

"Akiota ndoto mbaya anamwita nani?" aliuliza, akisimama. "Anamwita nani? Mimi ndiye mama wa mtoto huyu. Wewe ulimzaa tu."

Miradie alikuwa anatazama nyuma ya baba yake, mlangoni. Shekinah alikuwa amesimama pale na bilauri tupu, amekuja kuomba maji.

Miradie aliinuka, akavaa koti lake la kazi ingawa hakuwa na kazi siku ile, akatoka. Walisikia lifti ikifika, ikifunga, ikishuka.

"Kwa nini umemwambia Mama hivyo?" mtoto akauliza, kwa Kiingereza chake.

Anselme alitafuta jibu kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kifaransa, na kwa kile Kiingereza kidogo alichokuwa nacho. Mwishowe akachukua bilauri mkononi mwa mtoto akaijaza maji.

*

Hawakugombana tena. Ingekuwa afadhali wangegombana. Miradie alirudi usiku ule, akasalimu kwa adabu, na kuanzia hapo akawa akisema na baba yake kama mtu anayesema na mwenye nyumba. Amka salama, Papa. Chakula kiko kwenye friji, Papa. Anselme alijaribu mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza Miradie alikuwa anaondoka. Mara ya pili alisema, "Yameisha, Papa," na macho yake yakaonyesha kwamba hayajaisha.

Fomu ilikaa juu ya friji. Hakuna aliyeigusa.

Baada ya Pasaka, Miradie alimwomba baba yake waketi. Alikuwa amejitayarisha; mikono yake aliiweka juu ya meza, mmoja juu ya mwingine.

"Nimepata kazi Leeds. Zahanati, si hospitali. Ni mchana tu. Saa tisa na nusu nitakuwa nimemaliza, nimchukue Shekinah shuleni mwenyewe. Kuna nyumba ndogo pia."

"Leeds," Anselme akasema. Aliijua kwa jina, kwa sababu ya mpira. "Ni mbali."

"Ni mbali."

"Mtaenda lini?"

"Shule zikifungwa."

Anselme alisikia friji ikinguruma. Alingoja aambiwe kwamba na yeye kuna chumba chake. Alingoja mpaka akaelewa kwamba hakuna.

"Nani atampikia? Hali mayai yaliyoiva sana. Na nywele zake, Miradie, wewe hujui kumsuka, utamuumiza."

"Nitamuumiza," Miradie akasema, "na nitajifunza. Wewe si ulijifunza?" Akaushika mkono wa baba yake, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. "Papa, nisikilize. Wewe ulinilea mimi vilevile. Nilikuwa nikitoka shule, nakuona langoni, najua dunia iko sawa. Kwa hiyo najua anachokipata huyu. Sitaki kumnyang'anya. Lakini ana miaka tisa. Bado kidogo tu ataacha kutaka kukumbatiwa. Nikikaa hapa, ukiwapo wewe, hatanihitaji kamwe, na wewe hutaweza kujizuia, na mimi nitaanza kukuchukia. Niache nikosee mwenyewe."

Lilikuwa jambo la haki, na Anselme alilijua. Alikubali kwa kichwa. Kisha akaenda msalani akafungulia bomba, maji yatiririke kwa nguvu, ili asisikike.

Miezi ile ya mwisho alijitahidi kuwa mwema. Miradie alipokuwapo, yeye alitoka; alikwenda kukaa kwenye benchi la bustani mpaka mikono ikafa ganzi. Alimfundisha bintiye kusuka. Waliketi watatu kwenye kochi, mtoto chini, mama katikati, babu pembeni akielekeza, "Usivute kutoka mizizi, shika hapa, legeza." Shekinah alipiga kelele, Miradie akaomba samahani, Anselme akauma ulimi wake ili asiseme, Nipe mimi.

Shekinah mwenyewe hakulia alipoambiwa. Aliuliza tu, "Koko anakuja lini?" Alipoambiwa kwamba atakuja kuwatembelea, alifikiri kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba kutembelea ni kwa wageni.

*

Asubuhi ya kuhama, kijana wa kanisani alileta gari la mizigo. Mali yao haikujaza hata nusu ya gari. Shekinah alikuwa ameketi mbele, mkanda umefungwa, tayari amevaa vidude vya kusikilizia muziki masikioni. Labda aliviweka makusudi.

Miradie alipanda tena ghorofani peke yake. Alimkuta baba yake amesimama katika chumba kilichokuwa cha mtoto, akitazama ukuta uliokuwa na picha.

"Nimesaini," akamwambia, akampa fomu. "Na barua nyingine nimemwandikia yule mama wa maktaba, akiwa na swali anipigie."

"Haikuwa lazima."

"Ni haki yako, Papa. Niliposoma tena, sikuona mahali panaposema mimi si mama. Siku ile ni mimi tu niliyepaona."

"Miradie, lile neno nililosema..."

"Usilirudie."

"Lilikuwa la hasira. Halikuwa kweli."

"Lilikuwa na ukweli, Papa. Lingekuwa la uongo ningelisahau siku ile ile." Akamkumbatia, haraka na kwa nguvu, kama alivyokuwa akimkumbatia langoni zamani. "Shuka umuage. Anajifanya hajali."

Alishuka. Aligonga kioo cha gari. Shekinah alitoa vidude masikioni, akafungua mlango, na mkanda ukamzuia alipotaka kumrukia, kwa hiyo Anselme ndiye aliyeinama akaingiza kichwa na mabega ndani ya gari, na mtoto akamshika shingo akakataa kuachia. Miradie alisimama upande wa pili akingoja. Alingoja mpaka bintiye alipoachia mwenyewe.

*

Kalpana aliipeleka fomu. Ilichukua muda, majira yalibadilika, kukaanza kuwa giza mapema. Siku moja akapiga simu, sauti yake imejaa kicheko.

"Mzee! Wamekubali yote! Miaka yako sasa imepita kumi, imefika kumi na nne. Serikali imekubali ulikuwa kazini!"

"Asante, mama," Anselme akasema. "Mungu akubariki."

"Mbona husikiki mwenye furaha?"

"Nimefurahi."

Kalpana alikuwa mtu mzima mwenye watoto mbali. "Leeds kuna treni, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

Treni ilikuwapo, na alikwenda mara moja, kwenye likizo fupi ya shule. Alikaa siku tatu. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, yenye harufu ya vitunguu. Miradie alikuwa amenenepa kidogo na alikuwa akicheka. Asubuhi alisikia mama na mtoto wakibishana jikoni kuhusu soksi, mabishano ya kawaida kabisa ya watu wanaoishi pamoja, na alibaki kitandani asiwaingilie. Alijua aliloliona ni jema. Alijiambia hivyo ndani ya treni ya kurudi, tena na tena, mpaka wakafika.

Simu ilikuwa kila Jumapili, baada ya ibada. Mwanzoni Shekinah alisimulia mengi. Kisha akawa na rafiki, na mazoezi ya kuogelea, na Kiingereza chake kikapata lafudhi ya kule, ambayo Anselme hakuielewa vizuri. Alimwomba arudie. Mtoto alirudia mara moja, mara mbili, halafu akasema, "Basi, Koko, si kitu," bila ubaya wowote. Nyuma Miradie alisikika akimwambia, "Mweleze koko kwa Kiswahili." Na mtoto akajaribu, maneno matatu, manne, akakwama. Anselme alimwambia inatosha, amesikia.

Pensheni ilianza kuingia. Alilipia kodi na umeme, na iliyobaki alimnunulia Shekinah koti, akalituma kwa posta. Lilikuwa dogo, alikuwa amelipima kwa kumbukumbu. Miradie hakumwambia, lakini Anselme alimwona mtoto kwenye picha akiwa na koti jingine.

Karibu na Krismasi alikutana na Maman Stéphanie kwenye kituo cha basi, mbele ya soko. Alikuwa na kigari cha mtoto, na ndani yake mtoto mchanga amelala, mashavu yamevimba kwa baridi.

"Mjukuu wangu, Dieumerci," Stéphanie akasema. "Mama yake anarudi kazini mwezi ujao. Mimi siwezi kuacha kiti changu, wateja watakwenda. Papa Anselme, nilikuwa nakutafuta. Hapa Tottenham hakuna anayejua watoto kama wewe. Siku tatu tu kwa wiki. Hutafanya bure."

Anselme aliinama akamtazama mtoto. Kofia ilikuwa imemshukia machoni. Aliipandisha kwa kidole kimoja, na mtoto, bila kuamka, akageuza uso kuufuata mkono ule.

Akanyanyuka haraka.

"Hapana, mama."

"Ni nini, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi fikiri kwanza. Usinijibu leo."

"Nisamehe, Stéphanie. Nitampenda."

Basi lilikuwa limefika, na watu wakaanza kusukumana. Anselme alishika mbele ya kigari, wakakipandisha pamoja, akahakikisha kimekaa mahali pake na breki imefungwa. Kisha akashuka. Hilo ndilo lilikuwa basi lake pia, lakini alingoja lijalo.